Viraka vya Kiangazi



 Kwa wiki kadhaa mazungumzo yetu yalikuwa ya mapishi na malezi. Leo tunaomba ruhusa tuzungumze kuhusu sindano, kwani kiangazi chote cha mwaka 2024 sindano haikututoka mkononi, na mkeka wa kushonea umetufunza jambo ambalo tusingependa liishie barazani kwetu.

Sisi ni wanawake wanane wa Ujiji. Baada ya sala ya Alasiri, jua linapoanza kulegea na upepo wa ziwa kupanda, hutandika mkeka chini ya mwembe na kumwaga katikati yake gunia la mabaki ya vitenge. Mabaki hayo huyaomba kwa mafundi wa sokoni Mwanga na wa hapa hapa Ujiji, ambao zamani waliyachoma jioni pamoja na takataka. Mji wetu haupungukiwi vitenge: vingine hutoka Dar es Salaam kwa reli, vingine huvuka ziwa kutoka Kongo na Burundi, na kila gauni linaposhonwa huacha chini ya meza kipande cha ukubwa wa kiganja. Vipande hivyo ndivyo tunavyoviunganisha kuwa matandiko ya viraka.

Aliyetufundisha ni Bibi, mkubwa wetu kwa umri na kwa heshima. Macho yake sasa yameingia ukungu, hawezi tena kutunga uzi, lakini vidole vyake bado vinaona. Sheria zake ni chache na hazina mjadala. Kwanza, kila kitambaa kipya kiloweshwe na kufuliwa kabla ya kukatwa, ili rangi ya ziada itoke na kitambaa kisinywee baada ya kushonwa. Asiyefanya hivyo ataona nyekundu ikihamia kwenye nyeupe siku ya kwanza ya kufua. Pili, kipande kikatwe kwa kipimo cha karatasi ngumu, si kwa kukadiria kwa jicho, maana kosa la unene wa ukucha likirudiwa mara mia moja hulipinda tandiko zima. Tatu, vitambaa vizito visiunganishwe na vyepesi, kwa sababu kizito humchana mwenzake. Nne, mpishi wa migebuka asiguse kazi kabla hajanawa kwa sabuni, kwa kuwa mawese yakishaingia katika kitambaa hayana kwaheri.

Vipande vikishaunganishwa, chini yake hutandazwa shuka kuukuu au kanga mbili zilizochoka, kisha kwa uzi mrefu tunapiga bandi kutoka upande huu hadi ule, safu kwa safu, mpaka matabaka yote yawe kitu kimoja. Tandiko la kitanda cha watu wawili hutuchukua wiki tatu tukiwa wote, na zaidi ya hapo pakitokea msiba au arusi. Kazi ya kuunganisha hufanywa kwa cherehani. Bandi ni ya mkono.

Wako wanaoliona tandiko la viraka kuwa alama ya ufukara. Tunawakumbusha kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Na Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), mama wa waumini, alikuwa fundi wa mikono yake, alichokichuma kwa kazi hiyo alikitoa sadaka. Mtume (s.a.w.) alikuwa amewaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kufa kwake angekuwa mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wao wakawa wanapima mikono yao. Alipotangulia Bibi Zaynab ndipo walipofahamu kuwa urefu uliokusudiwa ulikuwa wa kutoa.

Mwaka huo tulikuwa na sababu ya ziada ya kushona. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Hatuna ubishi na hekima hiyo; kila mwenye umri wetu anajua jinsi dagaa walivyopungua. Lakini msomaji wa mbali na afikirie mji ambao waume, watoto wa kiume, wabeba makasha, waanikaji wa dagaa na wauza mkaa wa kukaushia migebuka wote wanaegemea maji hayo. Miezi mitatu mitumbwi ililala kifudifudi mchangani, na wanaume wakajaa barazani wakihesabu siku. Katika nyumba nyingi kilichoingiza shilingi kilikuwa kitumbua, mchicha, au cherehani.

Hata hivyo tusimdanganye msomaji kwamba kiangazi kilikuwa cha dhiki tupu. Kiangazi ni msimu wa arusi, na tulikuwa na tandiko la bibi arusi wa Gungu, mawili ya watoto wachanga, na mito ya kuegemea kwa ajili ya nyumba ya mwalimu wa madrasa. Tulitembea pia. Siku moja tulikwenda Katonga na wajukuu, tukala muhogo na kuwatazama wanaume wakishona nyavu. Bibi akawaambia mafundo yao ni mazuri kuliko mishono yetu. Wakacheka, wakatupa ndizi. Siku nyingine tulishuka mjini Kigoma, tukapita stesheni ya reli iliyojengwa zama za Wajerumani, tukasimama mahali ambapo bandari inaonekana, tukawasimulia watoto habari za MV Liemba: jinsi Wajerumani walivyoizamisha wenyewe mwaka 1916, jinsi ilivyoopolewa mwaka 1924, na jinsi ilivyorudi kazini mwaka 1927. Mtoto mmoja akauliza kama ilikuwa na kutu. Tukamwambia ndiyo, na bado ikabeba watu.

Tuliwapeleka pia kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa Ujiji mwaka 1871. Watoto waliwatazama Wazungu wale wawili kisha wakauliza: na sisi tulikuwa wapi? Swali hilo lilitukalisha chini. Tukawaeleza kuwa Ujiji wakati ule ilikuwa soko la misafara iliyotoka Bagamoyo kwa mwendo wa miezi, na kwamba fedha ya njia ile ilikuwa nguo na shanga. Merikani, kaniki, shuka, doti: kwa vipimo hivyo mtu alinunua chakula, alilipa hongo ya kupita, alinunua pembe za ndovu. Na kwa vipimo hivyo hivyo, Mungu atusamehe, watu walinunuliwa. Mwanadamu alihesabiwa kwa doti.

Wengine waliochukuliwa kutoka Afrika Mashariki walivushwa bahari hadi India. Vizazi vyao, wanaoitwa Wasiddi, wanaishi mpaka leo katika jimbo la Karnataka, Waislamu miongoni mwao, na wanawake wao hushona matandiko ya viraka yaitwayo kawandi. Wao huanza pembeni na kuzunguka wakielekea katikati, na kila pembe huwekwa viraka vilivyokunjwa mfano wa ua. Tandiko lisilo na maua hayo huhesabiwa kuwa liko uchi. Bibi aliposikia habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akaagiza tandiko letu lijalo lianzie pembeni.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Miongoni mwetu yuko dada mmoja, mke wa mvuvi, ambaye mishono yake ya cherehani ilikuwa minyoofu kuliko ya sisi wote. Alifanya kazi nyumbani kwake na kutuletea vipande vilivyokwisha kuunganishwa. Mwanzoni mwa Septemba alituletea fungu lake kama kawaida. Sisi tulilipokea, tukalisifu, tukaliweka kando. Bibi akalivuta mapajani. Akapitisha kidole gumba juu ya mshono, akarudi, akapitisha tena, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, huu ni mshono wa mkono. Cherehani yako iko wapi?"

Dada yetu akajibu kuwa iko kwa fundi. Bibi akauliza fundi gani. Akataja jina. Bibi akasema, "Huyo alifariki kabla ya Ramadhani." Dada yetu akajifunika uso kwa mtandio, na sisi wengine tukatazama mikono yetu.

Habari ilikuwa hivi. Mwezi Juni binti yake alichaguliwa kujiunga na kidato cha tano katika shule ya bweni ya mkoa mwingine. Furaha ile ilikuja na orodha: godoro, sare, ndoo, viatu, madaftari, nauli. Ziwa lilikuwa limefungwa. Akaenda kwa mtu anayetoa mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Akachukua shilingi 300,000 kwa makubaliano ya asilimia 30 kwa mwezi, na rehani ikawa cherehani. Mwezi wa kwanza deni likawa 390,000. Aliposhindwa, ile ziada ikaingizwa katika mtaji, na mwezi wa pili likawa 507,000. Mwezi wa tatu likasimama kwenye 659,100. Wakati huo wote alikuwa akipeleka 10,000 kila wiki, jumla 120,000, naye akiambiwa kuwa hizo ni faini za kuchelewa. Ziwa lilipofunguliwa tarehe 15 Agosti alitumaini, lakini mwezi angani ulikuwa unakaribia kujaa, na mvuvi wa taa hana lake usiku wa mbalamwezi. Kabla giza halijarudi, watu walikuja na mkokoteni wakaichukua cherehani mchana, majirani wakitazama.

Tuliumia kwa ajili ya deni, lakini kilichotuuma zaidi ni jingine. Tulikuwa tumekaa na mwanamke huyu mkeka mmoja tangu Juni. Tulikula naye, tulicheka naye, tulikwenda naye Katonga. Alikuwa akipiga viraka mia kwa mkono usiku, kwa taa ya simu, ili asubuhi tusijue. Kwa nini hakusema? Tulipomuuliza, alisita, kisha akatukumbusha mwanamke wa mtaa wa pili aliyenyang'anywa friji mwaka uliotangulia kwa sababu ya mkopo kama huo, na jinsi sisi, hapa hapa chini ya mwembe, tulivyomcheka wiki nzima. "Nilijua zamu yangu ingekuwa hivyo hivyo," akasema.

Hatukuwa na jibu. Hatuna hata leo. Ulimi ulikuwa umefunga mlango kabla mwenye shida hajafika kubisha.

Tulimwendea imamu wa msikiti wetu. Alituambia kwamba rasilimali ni haki ya mkopeshaji na ni lazima irudi. Ama ziada, hiyo ndiyo riba iliyoharamishwa, na Suratul Baqara, aya ya 279, imeweka mpaka ulio wazi: mkopeshaji apate mtaji wake, asidhulumu wala asidhulumiwe. Aya inayofuata inamtaka ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, na kusamehe ni bora zaidi kwake. Kisha imamu, pamoja na wazee wawili, akaenda kwa mkopeshaji, ambaye ni Muislamu na husali jamaa. Walihesabu kwamba kilichobaki katika mtaji kilikuwa 180,000. Mtu yule hakukubali. Baada ya maneno mengi alishuka kutoka 659,100 hadi 300,000, zilipwe kabla ya Maulidi, la sivyo atauza. Wazee walirudi wakiwa wamechoka. Mmoja alisema ni ushindi, mwingine akasema ni dhulma iliyopunguzwa kimo. Tunaamini wote wawili walisema kweli.

Siku tulizopewa zilikuwa chache, na katikati ya Mfunguo Sita mbalamwezi ilikuwa inarudi tena. Sita kati yetu tuliweza kutoa 15,000 kila mmoja; hizo zikawa 90,000. Palipungua 210,000. Malipo ya tandiko la Gungu yalikuwa yamekwisha kuliwa katika uzi na unga. Kilichobaki sandukuni kilikuwa kimoja tu, na hakuna aliyetaka kukitaja.

Lilikuwa tandiko la Bibi. Tulilishona kwa siri kwa miaka miwili, si kwa mabaki ya mafundi bali kwa nguo zetu wenyewe: kanga ya mwenzetu aliyetangulia mbele ya haki, gauni la arusi la mmoja wetu, kanzu ya marehemu mume wa Bibi, kitambaa cha kwanza alichotufundishia kukata. Tulikusudia kumpa siku ya Maulidi. Mmoja wetu alipolitaja, mwingine alikasirika waziwazi, akasema deni la mtu mmoja halilipwi kwa kumbukumbu za watu wote, tena za waliokufa. Mwingine akajibu kwamba walio hai wana haki kwanza. Sauti zilipanda. Tulisahau kwamba Bibi, aliyepoteza macho, hakupoteza masikio.

Akataka aletewe. Tukaliweka magotini pake. Alilipapasa kwa muda mrefu, akaitambua kanzu kwa taraza yake, akaitambua kanga kwa ulaini wake. Akasema, "Nimelipokea, na zawadi yenu imefika. Sasa ni mali yangu, na mimi naiuza." Tukaanza kulia. Akatukemea: baridi ya Ujiji haijawahi kumuua mtu, akasema, na yeye ana blanketi. Akamtuma mjukuu kwa jamaa wa bibi arusi wa Gungu, ambao walikuwa wamelisifu tandiko letu la kwanza na kuuliza la pili. Tulitaja 250,000, wakatoa 210,000. Bibi hakuomba kubakiziwa hata kiraka kimoja.

Cherehani ilirudi siku mbili kabla ya Maulidi, ikiwa na mkwaruzo ubavuni na mkanda uliolegea. Dada yetu aliipangusa, akaitia mafuta, akakaa nayo bila ya kushona kitu. Yule mwenzetu aliyekasirika ndiye aliyemnunulia mkanda mpya.

Ndugu msomaji, tusingependa uone habari hii imeisha vizuri. Mtu yule bado anakopesha, na katika mitaa yetu yako majina mengi kwenye daftari lake. Na sisi tulilipa zaidi ya haki. Lakini tumefanya mambo matatu ambayo familia yoyote, au kikundi chochote cha wanawake wa msikiti, kinaweza kuyafanya kesho bila ya kusubiri mfadhili.

La kwanza, kila Ijumaa tunaweka 2,000 kila mmoja katika kisanduku. Wanane ni 16,000 kwa wiki. Fedha hizo ni za kukopeshana mkopo mwema, usio na senti ya ziada, na mwenye dharura ya ugonjwa au shule ndiye wa kwanza. Ni kidogo, lakini kiangazi kikirudi kitakuta kitu.

La pili, kila mkopo unaandikwa: kiasi, tarehe, muda wa kulipa, na mashahidi. Mwenyezi Mungu ameamrisha hivyo katika aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, nasi tuliokuwa tukisema "baina yetu hakuna haja ya karatasi" tumejifunza kwamba karatasi hulinda udugu.

La tatu ndilo gumu, na halina kisanduku. Tumekubaliana kwamba chini ya mwembe ule dhiki ya mtu isizungumzwe akiwa hayupo. Tumeshateleza mara mbili. Aliyeteleza hufungua mishono ya safu nzima na kuianza upya, kwa hukumu ya Bibi, na safu moja ni kazi ya jioni nzima. Na yule mwanamke wa friji tulimwendea nyumbani kumwomba radhi. Alitusikiliza mlangoni, hakutukaribisha ndani. Ni haki yake. Wiki iliyopita alitutumia mfuko wa mabaki ya vitenge kwa mkono wa mtoto, bila ya salamu.

Vipande vyake tumeviweka pembeni, mahali tandiko jipya la Bibi linapoanzia. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kongo, na tungependa limalizike kabla mvua hazijakolea. Msomaji aliye Kigoma mwenye mabaki ya vitambaa, tunamsihi asiyachome. Ayafue, ayaanike, awape wanawake walio karibu naye wanaoshona.

Mwenyezi Mungu atuepushe na madeni yanayodhalilisha, na atuepushe na ndimi zinazowafanya wenzetu waogope kutuambia. Wabillahi tawfiq.